Nyimbo za Upande wa Pili wa Ukuta

Kiwanda cha nguo kilipofungwa, Fransisko aliendelea kuamka alfajiri kama kawaida. Alinawa uso, akavaa suruali yake ya kaki, akafika hadi mlangoni ndipo akakumbuka. Alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma tangu ujana wake, na mikono yake haikujua kazi nyingine. Lakini mitumba ilikuwa imejaa soko la Mawenzi, mjini Morogoro, hadi ikamwagika barabarani, watu wakawa wanavaa mashati ya Ulaya kwa bei ya fungu la machungwa, na vitambaa vya kiwandani vikawa vinalala ghalani vikiliwa na panya. Walipunguzwa wachache kwanza, kisha wengi. Mwishoni wakaambiwa kiwanda kinauzwa, na akipatikana mnunuzi wataitwa. Mnunuzi alipatikana. Hakumwita mtu.

Wakati huo mkewe, Angelina, alikuwa na mtoto mchanga, binti yao wa kwanza, Brenda. Walipanga chumba kimoja Kihonda, kwenye nyumba ndefu yenye korido katikati na milango inayotazamana. Nyumba haikuwa na dari. Kuta zilipanda zikaishia chini kidogo ya bati, na hapo juu palikuwa wazi, hivyo mtu akikohoa chumba cha mwisho, wa chumba cha kwanza alimwambia pole asubuhi.

Msimu wa tumbaku ulipoanza, Angelina alipata kibarua cha kuchambua majani kwenye kiwanda cha tumbaku, zamu ya usiku. Fransisko naye alikwenda getini kuuliza, hata kama ni kubeba marobota, akaambiwa wabebaji wametosha. Kwa hiyo mambo yakapangika yenyewe. Mama yake Angelina alikuwa Mahenge, mbali, na miguu ilikuwa inamsumbua. Mama yake Fransisko alikuwa marehemu siku nyingi. Msichana wa kazi angelala wapi, katika chumba kimoja? Angelina alimwekea mumewe uji wa mtoto kwenye chupa ya chai, akamwonyesha nepi zilipo, akakunja kipande cha kanga na kukiweka kifuani, kwa sababu alijua maziwa yatamtoka akiwa kwenye mstari wa kazi. Jioni, jua likiwa bado juu ya milima, gari la kiwanda lilipiga honi barabarani, naye akaondoka bila kugeuka nyuma. Angegeuka asingekwenda.

Brenda alianza kulia kabla vumbi la gari halijatulia.

Fransisko alijaribu uji, mtoto akaupiga kwa mkono. Akambeba begani, akatembea naye kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi, safari ambayo haikuzidi hatua chache. Akambembeleza kwa maneno, kama anavyobembelezwa mtu mzima aliyekasirika. Mtoto alilia hadi sauti ikakauka, akalala kwa uchovu, akaamka tena akalia. Chumba kile, ambacho mchana kilionekana kinatosha, kilikuwa kidogo kupita kiasi. Fransisko alifunga dirisha ili majirani wasisikie, na joto likazidi, na mtoto akalia zaidi.

Aliporudi Angelina asubuhi, macho mekundu na mikono inanuka tumbaku, aliuliza kama mtoto alilala.

"Alilala," Fransisko alisema.

Hakuwa amesema uongo mkubwa, lakini hakuongeza neno. Akamkabidhi mtoto, akatoka uani akasimama pale kwenye mnazi wa mwenye nyumba, akavuta hewa kama mtu aliyetoka kisimani. Nafuu hiyo haikudumu. Angelina alipaswa kulala mchana ili usiku aweze kusimama, kwa hiyo baada ya kunyonyesha alilala kama gogo, na mtoto akarudi mikononi mwa baba yake.

Siku zikaenda hivyo. Wenzake wa kiwandani wengine walikwenda machimboni, wengine walipanga nyanya barabarani, mmoja alinunua baiskeli akawa anapeleka mkaa mjini. Fransisko hakuweza hata kutembea hadi Msamvu kuuliza habari za kazi. Kila njia aliyoiwaza ilianzia mlangoni, na mlangoni palikuwa na mtoto.

Tatizo kubwa lilikuwa kumlaza. Angelina alimwambia amwimbie tu, kwani yeye akimwimbia kidogo mtoto hulala. Fransisko akajaribu, akagundua kwamba hana wimbo. Alijua nyimbo za kanisani, lakini alizijua kwa sauti ya besi, ile ya chini inayojibu, na besi peke yake haina utamu wowote. Alijua nyimbo za mchakamchaka walizokimbia nazo shuleni asubuhi, wakipiga miguu chini. Aliimba mmoja wa hizo, polepole, na mtoto akafungua macho yote mawili akaanza kurusha miguu. Alijaribu redio. Stesheni mpya zilikuwa zimeanza wakati ule, na nyingine zilipiga muziki hadi usiku, na kwa siku chache redio ilisaidia. Kisha ukaja mgawo wa umeme, na betri zikaisha.

Chumba cha pili, upande wa ukuta aliouegemezea kitanda, alikaa mama mmoja Mzigua, Shakila, wanayemwita mama Salimu. Mumewe alikuwa dereva wa lori, akienda Tunduma na kurudi, na akirudi alikaa siku mbili tatu akaondoka tena. Alikuwa amemkataza mkewe kufanya biashara na kuzurura mitaani. Alitaka akirudi amkute nyumbani. Shakila alikuwa na Salimu, aliyekuwa anakaribia kuanza shule, na mdogo wake wa mgongoni. Yeye na Fransisko walisalimiana uani, habari za asubuhi, habari za jioni, basi. Mwanamume anayeshinda nyumbani na mwanamke ambaye mumewe hayupo hawakuwa na la kuongea zaidi ya hapo, na wapangaji wengine walikuwa na macho.

Walikuwa na maneno pia. Walianza kumwita yaya. Hawakumwita mbele yake, lakini nyumba haikuwa na dari.

Jumapili moja, Angelina akiwa na mapumziko lakini hoi, Fransisko alimfunga mtoto kwa kanga, akapanda gari la mboga linalorudi Mgeta kuchukua mzigo. Huko juu ndiko alikozaliwa, na huko alikuwa na dada yake mkubwa, Kristina, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Njia ilipinda na kupanda, baridi ikaanza kuingia ndani ya gari, na bustani zikaonekana ubavuni mwa mlima, ngazi juu ya ngazi, kabichi na njegere hadi kwenye ukungu. Brenda alilala njia nzima. Fransisko aliona hiyo ni dalili njema. Alikuwa amepanga moyoni kumwomba dada yake amlee mtoto hadi msimu uishe. Hakuwa amemwambia Angelina.

Alimkuta Kristina shambani, kijembe mkononi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mke wako yuko wapi?"

Alipomweleza, Kristina alikaa kwenye ukingo wa tuta, akamchukua mtoto, akamtazama fizi, akamtazama nyayo. Kisha akasema bila ukali kwamba mtoto huyu bado ananyonya, na mama yake yuko Morogoro, na maziwa hayapandi na gari la mboga. Aliongeza kwamba ana watoto wake watano, mumewe amekwenda Dar es Salaam kutafuta na haandiki, na mashamba ya ukoo yako juu ya mgongo wake peke yake. Fransisko hakubisha. Aliona mwenyewe mikono ya dada yake ilivyokuwa.

Kabla ya kuondoka aliuliza jambo alilokuwa nalo njia nzima. Aliuliza mama yao alikuwa anawaimbia wimbo gani usiku.

Kristina alifikiri sana, kisha akacheka kidogo. "Mama hakuwa na wimbo. Alikuwa anakufunga mgongoni analima. Wewe ulilala kwa jembe."

Alirudi Kihonda na mtoto mgongoni na kabichi mbili kwenye kiroba, na jioni ya pili yake gari la kiwanda likapiga honi.

Kilichotokea baadaye kilianza na Maneno. Huyu alikuwa fundi mwenzake, walikuwa wakikaa mashine jirani, na alikuwa mtu wa kupata habari. Alifika jua linazama, Angelina ameshaondoka, akagonga mlango kwa ukucha. Alisema kuna tajiri kutoka Dar anafungua karakana ya kufuma mifuko ya sandarusi, ile ya kutilia nafaka, anatafuta mafundi wa mitambo, atakuwa Msamvu jioni hii kwenye baa fulani na kesho anaondoka. Atakayemkosa amekosa.

Fransisko alitazama kitandani. Brenda alikuwa amelala. Kwa mara ya kwanza katika juma zima alikuwa amelala mapema, mkono mmoja juu ya uso.

Angeweza kugonga chumba cha pili. Alilifikiria hilo, akasimama kwenye korido akiwa ameinua mkono. Lakini angesema nini? Kwamba yaya anaomba yaya? Na mlango wa mama mwenye nyumba ulikuwa wazi, mwenyewe ameketi pale anachambua mchele, anaona nani anagonga kwa nani. Alirudi, akazungushia mito pembeni mwa mtoto, akatoka taratibu, akafunga kwa kufuli kwa sababu mlango ule bila kufuli ulikuwa unajifungua wenyewe. Alijiambia kwamba atakwenda na kurudi mara moja.

Tajiri hakuwapo. Walisubiri. Mafundi wengine walikuja, watu wa zamani, wengine hawakuonana tangu siku ile ya geti kufungwa, wakashikana mikono, wakaulizana. Mmoja alimnunulia soda, mwingine bia. Baa ilikuwa na jenereta na taa za rangi. Habari ilipoletwa kwamba tajiri amepita moja kwa moja kwenda Dodoma, Fransisko hakusimama. Hapo ndipo palipokuwa na kosa lenyewe, na alilijua palepale alipokuwa anakosea. Alikaa kwa sababu alikuwa mtu kati ya watu, wanazungumza juu ya mikanda ya mashine na wasimamizi wabaya, na hakuna aliyekuwa analia. Alimaliza bia yake. Akakubali nyingine.

Alipokumbuka, alikumbuka kwa mwili, kama mtu aliyepigwa. Alitoka bila kuaga. Alikimbia njia ya vumbi hadi Kihonda, akiwaza moto, akiwaza mtoto ameanguka, akiwaza Angelina.

Nyumba ilikuwa kimya. Kimya hicho kilimtisha kuliko kilio. Alizunguka upande wa nje, kwenye dirisha la chumba chake, na hapo akasimama.

Shakila alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, chini ya dirisha. Mwanawe mdogo amelala mgongoni mwake, Salimu amelala chini kwenye mkeka, kichwa kwenye mguu wa mama yake. Wavu wa dirishani ulikuwa umechanwa kwenye kona, na mkono wa Shakila umepita hapo, katikati ya nondo, hadi kwenye bega. Alikuwa anaimba. Sauti ilikuwa imekwaruza, karibu haitoki tena, lakini haikukatika. Ndani, kwa mwanga wa taa ya jirani, Fransisko alimwona binti yake amelala amejikunja ubavuni mwa kitanda, chini ya dirisha, amekishika kidole cha Shakila kwa mkono wake mzima.

Shakila aligeuza macho bila kugeuza kichwa.

"Fungua, baba Brenda," alisema polepole. "Mkono wangu umekufa ganzi."

Alifungua. Aliingia hadi kitandani. Alimchukua mtoto, kifua chake bado kina kwikwi za kilio kilichopita, na alisikia nje Shakila akiutoa mkono kwenye nondo, akiguna kwa maumivu. Alipotoka kumshukuru alikuwa ameshamwinua Salimu na kuingia kwake. Wapangaji wengine hawakuwa wamekuja. Baadhi walidhani baba yumo ndani, kama siku zote mtoto alipolia.

Asubuhi alimkuta uani akifua. Mkono wake wa kulia ulikuwa na michubuko miekundu ya nondo juu ya kiwiko. Fransisko alisimama mbali kidogo, ndoo mkononi. Alitaka kusema mengi, akasema tu kwamba anaomba radhi, na kwamba hajui namna ya kumlaza yule mtoto, ndilo jambo lenyewe, hajui.

Shakila hakumgombeza. Aliendelea kukamua nguo, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye huwalaza wake mara baada ya isha, na kwamba ukuta haufiki juu. Leo ataimba kwa nguvu zaidi. Anayetaka kufuata afuate.

Jioni hiyo Fransisko alikaa kitandani, mgongo ukutani, Brenda kifuani. Upande wa pili palisikika kitanda kikilia, Salimu akiomba maji, kisha pakatulia. Shakila akaanza. Ulikuwa wimbo mfupi, unazunguka na kurudi pale ulipoanzia, hauna mahali pa kuishia. Alisema baadaye kwamba ni wa bibi yake wa Handeni, na kwamba yeye ndiye aliyeugeuza kwa Kiswahili kwa ajili ya watoto wake. Fransisko mwanzo alifuata sauti tu, kwa kunong'ona. Ilikuwa siku ya tatu au ya nne ndipo alipoyasikia maneno.

*Kua, mwana, kua,*
*ukikua nitoke,*
*niende kisimani*
*nikaonane na wenzangu.*
*Jua limenipita ndani,*
*mvua imenipita ndani,*
*kua, mwana, kua.*

Alinyamaza katikati. Alikuwa amedhani nyimbo za kulaza watoto ni maneno matamu tu, nyota na maziwa. Huyu mwanamke alikuwa anasema wazi, kwa sauti laini kuliko zote, kwamba amefungiwa na anataka kutoka. Na watoto wake walikuwa wanalala kwa maneno hayohayo. Hakuwa anawadanganya chochote, na walilala.

Fransisko alirudi kwenye wimbo. Sasa aliuimba kwa sauti yake, ile besi, bila kunong'ona, kwa sababu maneno yalikuwa yake pia. Jua lilikuwa limempita ndani. Alihisi kifua chake kikitetemeka kwa sauti nzito, na mtoto ameegemeza sikio hapo. Brenda akapumua pumzi moja ndefu. Akawa mzito mkononi kama mtoto anavyokuwa mzito akilala kweli. Upande wa pili Shakila aliendelea kidogo, sauti mbili zikaenda pamoja, kisha moja ikakoma.

Angelina aliuona wavu uliochanika siku ya mapumziko yake, alipofungua dirisha kutoa hewa. Alipitisha kidole kwenye tundu. Akauliza kama ni mwizi.

Fransisko angeweza kusema ndiyo. Wezi walikuwapo Kihonda, na wavu huchanwa kila siku. Alikuwa ameketi na mtoto mapajani, anamlisha ugali uliolainishwa kwa mchuzi. Akamweleza. Alieleza kufuli, alieleza baa, akaeleza hata bia ya pili, kwa sababu aliona akiiacha hiyo atakuwa hajasema lolote.

Angelina alisikiliza akiwa amesimama. Alimchukua mtoto, akakaa naye kwenye ncha ya kitanda, akampapasa mikono na miguu kana kwamba ametoka kumpokea hospitalini. Alikaa hivyo hadi kivuli cha mlima kikafika uani. Kesho yake jioni alivaa gauni la kazi, akajifunga kitambaa kichwani, akakunja kanga ya kifuani. Wakati huo ndipo aliposema.

"Nikibaki leo, kesho nafasi yangu ina mtu. Nikienda, namwacha na wewe. Niambie, Fransisko. Wewe ungefanyaje?"

Fransisko alisema tu kwamba hatatoka.

"Najua hutatoka," Angelina alisema. Akachukua kufuli na ufunguo wake kutoka kwenye msumari wa mlango, akavitia kwenye mfuko wake wa mkononi, pamoja na sahani yake ya chakula. Honi ikalia. Akaenda.

Tangu siku hiyo alikwenda kazini na kufuli lile kila jioni. Walizungumza juu ya uji, juu ya sabuni, juu ya homa ya mtoto alipoota jino. Walikuwa watu wawili wanaopokezana zamu mlangoni. Mmoja akiamka, mwingine analala, na kitanda hakikupata kupoa. Fransisko hakuweza kumlaumu. Alipolala naye siku za mapumziko, aliona mkewe anaamka usingizini na kupapasa katikati yao kuhakikisha mtoto yupo.

Lakini Brenda alikuwa analala. Hilo halikuwa dogo. Joto lilipozidi, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, Fransisko aliacha kufunga dirisha. Kama wanasikia, wasikie. Wapangaji walisikia, wakacheka juma moja, kisha wakazoea. Mama mwenye nyumba alisema siku moja, akichambua mchele wake, kwamba sauti ile ya baba Brenda inamletea usingizi hata yeye, na kwamba ingekuwa redio angelipa. Alisema kwa mzaha. Fransisko hata hivyo aliipokea sifa hiyo.

Msimu ulikwisha mvua za vuli zilipoanza. Angelina alirudi asubuhi ya mwisho na kipande cha sabuni na kilo za sukari walizogawiwa, akalala mchana kutwa, na jioni hakukuwa na honi. Alimwogesha mtoto mwenyewe. Alimvalisha, akazima koroboi, akalala naye, akaanza kumwimbia zile nyimbo zake za Mahenge alizomwimbia mwanzo. Brenda alisikiliza kidogo. Kisha akaanza kujinyonganyonga, akanyoosha mikono gizani upande wa baba yake, akalia.

Angelina alijaribu tena. Alijaribu titi, mtoto akakataa. Mwishowe aliinuka, akampa Fransisko mtoto, akatoka.

Shakila alikuwa uani kwenye mkeka, anapepea mdogo wake. Angelina alikaa karibu naye. Fransisko, akiwa ndani na mtoto begani, aliwasikia vizuri.

"Nilikuwa nasimama pale usiku kucha najiambia, msimu ukiisha nitalala na mwanangu," Angelina alisema. "Sasa ananiona mgeni."

Shakila aliendelea kupepea. "Hajakuona mgeni. Amezoea mtu mwingine. Atakuzoea na wewe."

"Na nikiitwa tena mwakani?"

"Utakwenda," Shakila alisema.

Kisha Angelina akalia, taratibu, na Shakila akampepea yeye pamoja na mwanawe.

Wiki iliyofuata Maneno alikuja tena, safari hii na habari ya kweli. Mashamba ya miwa upande wa Turiani yalikuwa yanachukua mafundi wa kiwandani, wasio na familia au wanaokubali kuacha familia, kwa kuwa wanalala bwenini, watu sita chumba kimoja. Fransisko alikubali kabla Maneno hajamaliza kusema. Alikuwa ameitamani siku hiyo tangu geti lilipofungwa. Alipanga nguo zake kwenye begi akiwa na furaha, na furaha hiyo ilimfikisha hadi jioni ya mwisho, alipomlaza Brenda na kumwona anavyofumba macho. Hapo ikamwisha. Alimwambia Angelina amruhusu amlaze polepole zaidi kuliko siku nyingine. Angelina akasema amlaze tu.

Asubuhi, kabla hajakwenda kusubiri gari, alimkuta Shakila anafagia mbele ya mlango wake. Mumewe alikuwa amerudi usiku ule, viatu vyake vikubwa viko kizingitini, kwa hiyo Fransisko alisimama mbali na kusema kwa kifupi.

"Mama Salimu, ahsante kwa ule mkono."

Shakila alitupa jicho kwenye viatu, kisha kwake. "Safari njema," alisema, akaendelea kufagia.

Kule mashambani, siku zilikuwa moshi, masizi na ving'ora. Aliruhusiwa kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Alifika Kihonda jioni, amechoka, ana miwa mitatu begani. Brenda alikuwa uani, amesimama kwa kushika sketi ya mama yake. Alipomwona alijificha nyuma ya miguu ya Angelina, akachungulia kwa jicho moja. Fransisko alichuchumaa mbali, hakumwita. Alisubiri hadi mtoto alipochoka kujificha, akaja kwa kutambaa, akashika kiatu chake.

Usiku huo Angelina hakumpa mtoto. Alilala naye upande wa ukutani, akamwimbia wimbo wa Kipogoro, mrefu, unaopanda na kushuka, ambao Fransisko hakuujua hata neno moja. Mtoto alimgeukia mama yake na kumwekea mguu juu ya tumbo. Upande wa pili palikuwa kimya, kwani dereva alikuwapo. Fransisko alilala chali, mikono juu ya kifua, akisikiliza. Alitaka kuuliza wimbo ule unasema nini. Aliacha. Gari la kurudi lilikuwa linaondoka alfajiri, na Angelina alikuwa bado anaimba.